Mkia Mmoja

Kila siku kengele ya mwisho ikishalia, Mwalimu Salwani alipitia soko la Lorong Serai, akasimama mbele ya kibanda cha Velu kungoja tui. Alisimama mahali palepale, mkoba wa madaftari kifuani, huku mashine ikikuna nazi na Velu akimsimulia vituko vya mkwewe. Salwani aliitikia kwa kichwa. Darasani sauti yake ilifika hadi dirisha la nyuma. Nje ya darasa alikuwa kama ameisahau mezani pamoja na kalamu za ubao.

Siku hiyo alivaa gauni refu la baju kurung la kijani na mtandio mweupe uliopigwa pasi ukanyooka. Velu ndiyo kwanza alikuwa anafunga fundo la mfuko wa tui, pikipiki zikaingia katikati ya vibanda.

Hakuna aliyepiga honi. Zilipita tu juu ya mboga, juu ya vikapu vya pilipili, na wanaume wenye helmeti wakashuka na nondo mikononi. Pigo la kwanza lilishukia mzani wa samaki. La pili lilishukia trei za mayai, na ute ukatiririka mpaka kwenye mfereji. Bibi mmoja muuza majani alijaribu kukikumbatia kikapu chake. Wakamshika ukosi, wakamburuta, akaacha kandambili moja njiani.

"Tulishasema safu hii ihame!" alinguruma mwenye helmeti nyekundu. Nondo yake ilipita juu ya vichwa vya wachuuzi waliochutama, kama mtu anayehesabu mifugo. "Eti bado wamekaa! Wamebaki mikia mingapi hapa? Eh? Mikia mingapi?"

"Watu," alisema Salwani.

Mashine ya Velu ilikuwa imezimwa. Kila mtu alisikia.

"Nani kasema?"

"Watu," alirudia, na hata yeye hakujua sauti ile ilitoka wapi. "Wanahesabiwa kwa *orang*. *Ekor* ni ya wanyama."

Asubuhi hiyohiyo alikuwa amewafundisha darasa la nne kwamba katika Kimalei idadi haiwezi kukaa na jina peke yake. Kati yao lazima lisimame neno la tatu, kama mshenga, na neno hilo ndilo linalokuambia kitu unachokihesabu ni cha aina gani. Mtu huhesabiwa kwa *orang*, yaani mtu. Kuku, paka na mbwa huhesabiwa kwa *ekor*, yaani mkia. Ukimhesabu binadamu kwa mkia, hujakosea sarufi tu. Umemtukana, na mama yake umemtukana. Alikuwa ameisema sentensi hiyo mara nyingi mno siku hiyo. Sasa ilimtoka kama kwikwi.

Mwenye helmeti nyekundu alimkaribia, akamtazama kutoka mtandio hadi viatu, kisha akampiga kofi. Mfuko wa tui ulipasukia kifuani mwake. Alionja damu na nazi kwa pamoja.

Hapo ndipo kuku aliporuka. Alikuwa kuku mzima wa barafu, amenyonyolewa, ameshikwa miguu yote miwili, na alitua juu ya helmeti nyekundu kwa mlio uliosikika hadi barabarani.

"Mwalimu kasema watu!" alifoka aliyemshika kuku. Alikuwa kijana mwenye aproni ya mpira na viatu vya mvua, muuza kuku wa kibanda cha pili. "Husikii? Watu!"

Akampiga tena. Helmeti ikazunguka, mwenyewe hakuona mbele, akapigwa la tatu puani. Wachuuzi waliochutama wakasimama na walichonacho: mafagio, ndoo, samaki. Velu alirusha nazi kama anayecheza mpira. Nondo ilimpata yule muuza kuku mbavuni, akakunjika, akainuka, akauma mkono ulioshika nondo. Visu vyake vyote vilibaki juu ya gogo. Hakugusa hata kimoja.

Salwani aliyaona yote akiwa ameegemea nguzo. Akaona na jambo jingine. Nyuma kabisa, mwanamume mmoja mwenye helmeti nyeusi alikuwa ameishusha nondo yake tangu alipoisikia sauti ya mwalimu. Hakumpiga mtu. Alisimama tu, mguu wa kushoto umegeukia ndani, kama unavyosimama mguu uliovunjika utotoni kwa kuanguka kutoka mti wa rambutan. Salwani aliujua mguu huo. Ndiye aliyekimbia kumwita mama siku ile ulipovunjika.

Pikipiki zilipotoweka, hakumwambia mtu.

"Weka hii." Muuza kuku alimpa barafu iliyofungwa kwenye mfuko. "Samahani, inanuka kuku."

"Asante, Abang."

Abang: ndivyo dada anavyomwita kaka yake, ndivyo mke anavyomwita mumewe, na ndivyo mnunuzi anavyomwita yeyote aliyemzidi umri kidogo nyuma ya kibanda. Lakini muuza kuku alitabasamu kana kwamba neno hilo lilikuwa limeshonwa kwa kipimo chake.

"Naitwa Bakhtiar. Na wewe, Mwalimu, una wazimu."

"Unavuja damu sikioni."

"Wenye nondo wote wale, na wewe unawasahihisha! Wangekosea na tahajia je? Ungewapa na kazi ya nyumbani?"

Salwani alicheka, na mdomo ukamuuma, na akaendelea kucheka.

*

Bakhtiar alianza kumpigia simu baada ya Magharibi, kibanda kikishaoshwa.

"Mwalimu, nina swali la mtihani."

"Uliza."

"Kisu kinahesabiwa kwa nini?"

"Kwa *bilah*. Hilo hata mtoto wa darasa la pili analijua."

"Unywele?"

"*Helai*. Kama karatasi, kama nguo."

"Na busu?"

Bakhtiar alisikia kijiko kikigonga kikombe upande wa pili.

"Mwalimu?"

"Sijafika sura hiyo."

"Basi tuisome pamoja. Halafu niambie, mpenzi. Jina letu la Kimalei halina umoja wala wingi. Ukisema 'kuku', huenda ni mmoja, huenda ni banda zima. Sasa ukisema 'mpenzi', mimi nitajuaje niko peke yangu?"

"Ukitaka wengi unalitaja jina mara mbili. Kuku-kuku. Mtoto-mtoto."

"Mpenzi-mpenzi."

"Thubutu! Litaje tena hivyo uone kama sitakuja huko na rula."

"Njoo nayo. Nakungoja."

Jumapili walikula wali wa nazi uliofungwa kwenye jani la mgomba, wakanywa chai ya maziwa yenye povu, chini ya mabati yaliyopigwa na mvua mpaka wakalazimika kusogeleana ili wasikizane. Yeye alinyoa ndevu, akavaa shati la bluu lenye mistari ya kukunjwa bado, na harufu ya kuku ilikuwa imesuguliwa kwa ndimu. Salwani alivaa mtandio wa waridi. Alipenda mikono ile. Alipenda ilivyompiga mtu kwa ajili yake, na jambo hilo lilimwogopesha, kwa hiyo hakulisema. Kuna mengi hakuyasema. Hakusema kwamba baba yake amefariki na nyumba yao inalindwa na kaka mmoja. Hakusema kaka huyo anatoka kila asubuhi na helmeti nyeusi.

*

Wenye helmeti walimkamata Bakhtiar mchana, nyuma ya soko, alipokwenda kumwaga maji machafu. Hawakuwa wengi, walimtosha. Walimlaza kifudifudi, wakaukokota mkono wake wa kushoto mpaka juu ya gogo lake mwenyewe, na mmoja akachukua nyundo ya kuvunjia mifupa.

"Huu ndio ulioshika kuku?" aliuliza.

"Yote miwili," alisema Bakhtiar, maana hata hapo mdomo wake haukuwa na adabu.

Nyundo ilishuka kwenye kidole kidogo. Ikashuka kwenye cha pete. Mshika nyundo alikuwa ameinua kioo cha helmeti yake nyeusi ili aone vizuri, jasho likimtoka, mdomo ukitetemeka kama mtoto anayelazimishwa kumeza dawa. Bakhtiar aliusoma uso ule wote kabla hajazirai.

Salwani alimkuta kibandani mwa Velu, vidole vimefungwa kwenye vipande vya mti, akijaribu kunywa chai kwa mkono wa kulia. Alikaa karibu naye, akalia bila sauti. Ili kumtuliza, Bakhtiar akaomba amwonyeshe picha za Idi, picha yoyote, ili naye asahau maumivu. Akampa simu. Mama kwenye kiti cha mkeka. Sahani za ketupat, wali wa kusukiwa majani. Na nyuma ya mama, kanzu ya zambarau, mguu mmoja umegeukia ndani.

"Huyu nani?"

"Abang."

"Abang yupi?"

Salwani alifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Salwani. Abang yupi?"

"Kaka yangu. Rizman."

Bakhtiar aliiweka simu mezani taratibu, kama kitu kinachoweza kulipuka.

"Ulijua?"

"Siku ile ya kwanza nilimwona. Hakumpiga mtu siku ile."

"Leo kapiga. Ulijua, ukala nami wali, ukanifundisha kuhesabu nywele, ukajua!"

"Nilidhani ataacha. Niliongea naye, akasema ataacha."

"Tazama mkono huu! Nitamshikaje kuku? Nitamshikaje..." Akasimama, meza ikapinduka, kikombe kikavunjika. "Wewe ndiye unayejua watu wanahesabiwaje. Basi sikia. Huyo kaka yako, kwangu mimi, si mtu tena. Ni mkia mmoja. *Seekor*. Ndivyo nitakavyomhesabu mpaka nife."

Velu alimshika bega. Akamsukuma. Salwani aliokota vigae vya kikombe, akajikata, akatoka na damu mkononi bila kuaga.

*

Wiki ilipita bila simu. Ikapita nyingine. Darasani mtoto mmoja aliuliza, "Mwalimu, zimwi tunalihesabu kwa mtu au kwa mkia?" Darasa likacheka, na mwalimu akageukia ubao akaufuta tena, ingawa ulikuwa safi.

Kisha jioni moja simu ikalia.

"Mwalimu."

"Abang."

"Umekula?"

"Nimekula. Vidole?"

"Vinanuka, lakini vipo." Sauti yake ilikuwa laini, na bado kulikuwa na kitu nyuma yake kilichofungiwa mlango. "Nilisema maneno siku ile."

"Ulikuwa na haki."

"Tuyaache. Sikiliza. Jumamosi usije sokoni."

"Kwa nini?"

"Kaa tu nyumbani na mama yako. Na Rizman, atakuwepo nyumbani adhuhuri?"

Salwani alishika ukingo wa kitanda. "Unamuulizia nini Rizman?"

"Nauliza tu. Nina neno naye, la kiume. Lala salama, mpenzi. Mmoja, siyo wengi."

Aliagana naye. Lakini Bakhtiar, kwa vidole vile vibovu, hakuikata simu. Aliitia mfukoni. Salwani alikuwa anataka kukata yeye aliposikia sauti yake tena, kwa mbali, kupitia kitambaa:

"Ndiyo, Velu, nimeshaamua. Mkia mmoja tu. Jumamosi asubuhi, huku nyuma ya soko. Kisu nimekinoa. Wewe utamshika miguu."

"Atapiga kelele?" Hiyo ilikuwa sauti ya Velu.

"Wote hupiga kelele. Na usimwambie Mwalimu. Akijua mapema ataharibu."

Kuna lugha ambamo sentensi hiyo isingeweza kumdhuru mtu. Kimalei kinaruhusu jina liachwe kabisa, ibaki hesabu na mshenga wake, na anayesikiliza atajaza mwenyewe. Salwani, aliyewafundisha watoto wa watu kujaza nafasi zilizoachwa wazi, aliijaza.

Angeweza kumpigia. Swali moja tu: mkia mmoja wa nini? Kidole chake kilikaa juu ya jina la Bakhtiar mpaka kioo kikazimika. Kisha akaenda chumba cha pili, ambako kaka yake alikuwa anatazama mpira.

"Jumamosi usiende sokoni."

"Nani kakwambia naenda?"

"Usiende, Abang. Nakuomba. Bakhtiar anataka kukuchinja. Nimemsikia. Nyuma ya soko, asubuhi."

Rizman hakuondoa macho kwenye mpira. Alitafuna karanga zake. Salwani aliuchukua ukimya ule kuwa ni hofu, akashukuru.

*

Jumamosi mama alifungua mlango wa jikoni, akaita, "Salwani! Nani kachukua panga la majani?"

Salwani alitazama pale linapoegemezwa. Palikuwa na alama ya kutu tu ukutani. Hakuvaa hata soksi. Alikimbia na kandambili za mama, mtandio ukifunguka, akavuka barabara katikati ya magari yaliyomfokea.

Nyuma ya soko, Bakhtiar alikuwa amepiga goti. Shati lake lilikuwa jipya, jeupe, mikono imekunjwa. Velu alikuwa ameinama mbele yake akishika kitu kinachofurukuta. Bakhtiar alikigeuza kuelekea kibla, akaanza kutaja jina la Mungu, na hakulimaliza.

Rizman alitokea kati ya mapipa ya taka. Panga lilishuka begani mwa Bakhtiar kwa nyuma, likateleza hadi juu ya kiwiko, na shati jeupe likafunguka likawa jekundu kabla hajapiga kelele. Velu aliachia. Kilichokuwa kinafurukuta kikaruka, kikapita juu ya ndoo, kikakimbia na kamba yake kuelekea kwenye vibanda.

"Utanichinja mimi?" Rizman alilia huku akipiga. "Mimi? Nichinje sasa! Nichinje!"

Panga la pili lilikata hewa. La tatu liligonga saruji, likatoa cheche. Bakhtiar alijiviringisha, akamdaka mguu ule mbovu, akauvuta. Wote wawili wakaanguka kwenye matope ya manyoya na damu ya kuku wa jana. Walipigana bila maneno, kwa vichwa, kwa magoti, kwa meno. Panga likaanguka. Na Salwani alipofika kwenye kona, akihema, aliona kitu kilekile alichokiona kichwani tangu ile simu: Bakhtiar juu ya kifua cha Rizman, mkono wa kulia ukining'inia kama nguo iliyoloa, na katika mkono wa kushoto, kati ya vidole vilivyofungwa vipande vya mti, kisu cha kuchinjia kimegusa koo.

"Usimchinje!" alipiga ukelele. "Abang! Usimchinje kaka yangu!"

"Mbuzi!" alijibu Velu kwa sauti kubwa zaidi, ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Ni mbuzi, jamani! Nani kawaambia mtu? Mbuzi wa posa! Shangazi yake yuko kwenye basi, anakuja kuposa! Mbuzi!"

Jina likafika. Lilichelewa, lakini lilifika, na wote watatu wakalisikia likitua.

Bakhtiar aliinua macho kwa Salwani. Alimtazama kandambili zisizo zake, mtandio uliofunguka, na akaelewa ni nani aliyempeleka habari mwenye panga. Alikitupa kisu juu ya mabati, kikavingirika, kikanasa.

Rizman alikuwa wa kwanza kunyanyuka. Akaliokota panga, akampiga Bakhtiar mdomoni kwa mpini, kisha akampiga mateke, ya mbavuni, ya tumboni, ya lile bega, mpaka Salwani akajitupa katikati na teke moja likampata yeye shavuni. Hapo Rizman akasita. Akaitazama damu iliyokuwa kwenye mtandio wa dada yake, haijulikani ya nani. Akakimbia, mguu ukiburuta.

*

"Hakuna aliyekwambia uende sokoni," mama alisema. Walikuwa nje ya wodi, kwenye kiti cha plastiki, na mama alikuwa amemshika mkono kwa nguvu. Rizman alikuwa kwa mjomba, amejificha, hali chakula. "Polisi wa kike yuko ndani. Atakuuliza. Mimi sikwambii useme uongo, mwanangu. Mungu apishe mbali. Wewe sema Abang. Akikuuliza nani kakata, sema Abang. Abang wako wengi duniani. Jina peke yake halimfungi mtu."

"Mama."

"Baba yako hayupo. Yule ndiye walii wako. Akifungwa, nani atakuozesha? Umefikiria hilo?"

Salwani aliutoa mkono wake taratibu, akaingia.

Bakhtiar alikuwa amekalishwa kwa mito. Bega lilikuwa limeshonwa na kufungwa. Daktari alisema mshipa mmoja haukuungana vizuri, na mkono wa kulia huenda usiinuke tena juu ya kifua. Mdomo ulikuwa umevimba. Polisi, Sajini Rohaya, alikuwa dirishani akiongea na simu yake. Kwa muda walikuwa kama wawili tu.

"Nilitaka kumuomba yeye," Bakhtiar alisema, kwa taabu. "Rizman. Hilo ndilo neno la kiume. Mtu kanivunja vidole, na nikakaa wiki mbili nikijifunza jinsi ya kumwita shemeji. Nilifanya mazoezi kwa Velu. Velu alikuwa anacheka."

"Nisamehe."

"Neno moja, Mwalimu. Mkia mmoja wa nini? Ungeniuliza tu. Ningekujibu wa mbuzi, ungeniharibia furaha yangu ya kukushtukiza, basi, yangekwisha."

"Niliogopa ungejibu kitu kingine."

"Kwa nini?"

Alitazama mikono ile. "Kwa sababu nilikuona ukipigana, na nikapenda. Nikajiambia anayependa ngumi hivyo atakuwa amempenda muuaji."

Bakhtiar alifumba macho. "Siku ile visu vyangu vilikuwa wapi?"

"Juu ya gogo."

"Hukuviona?"

"Niliviona."

"Uliviona, na bado ukanihesabu pamoja navyo." Chozi lilimtoka likapotea kwenye bandeji. "Naumia hapo zaidi kuliko huku begani. Sijui kama nitapona huko. Sijui, Salwani. Siwezi kukudanganya."

Sajini aliirudisha simu mfukoni, akaja kitandani. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya uchovu.

"Haya. Ndugu Bakhtiar, kwa mara ya mwisho. Nani kakukata?"

"Nimeshasema. Alitokea nyuma. Sikumwona."

"Mlibingirishana kwenye matope, hukumwona."

"Kulikuwa na matope."

"Na huyo rafiki yako wa nazi naye anasema alikuwa anamfukuza mbuzi." Sajini akamgeukia Salwani. "Mwalimu, wewe ulikuwepo. Nani?"

Mlangoni mama alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Bakhtiar alitikisa kichwa kidogo sana, mara moja, akimwambia asiseme. Alikuwa anampa ruhusa ya kubaki na kaka.

"Abang," alisema Salwani.

Sajini Rohaya alishusha pumzi. "Dada, mimi nina abang kumi na mbili nikihesabu na binamu. Muuza samaki wangu ni abang. Dereva wa teksi ni abang. Huyu hapa kitandani nadhani naye unamwita abang. Abang yupi?"

Mama alianza kulia. Nje toroli la dawa lilipita, gurudumu moja likipiga kelele, likaenda mpaka mwisho wa korido. Salwani alingoja lipite. Alitaka sauti yake isikike, na ilipotoka ilikuwa ile ya darasani, inayofika hadi dirisha la nyuma.

"Kaka yangu mimi, mtoto wa mama yangu yule pale. Rizman bin Othman. Ndiye aliyemkata kwa panga la nyumbani kwetu, ndiye aliyemvunja vidole, na mimi ndiye niliyempa habari. Yuko kwa mjomba wetu, nitawaonyesha nyumba." Akageuka, akamtazama Bakhtiar usoni. "Na huyu hapa ndiye mtu ninayetaka anioe. Akikataa, ana haki. Akikubali, sina tena walii. Nitakwenda mwenyewe kwa kadhi nikamuombe aniozeshe."